Confucius na mwenendo wa kila siku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukitaja jina la Confucius mbele za watu, maswali huja kwa mpangilio ule ule. Kwanza ni nani huyo, kisha kama hiyo ni dini, halafu kuna mmoja atakayetoa simu na kusoma nukuu ambayo mzee wa watu hakuisema kamwe. Hapa nimejibu yale yanayorudi mara nyingi. Namba zilizomo ni za sura na kifungu cha Lunyu, kitabu cha mazungumzo yake. Matoleo hupishana kwa namba moja au mbili, kwa hiyo usipokiona kifungu, tazama cha jirani.

Confucius alikuwa nani hasa?

Ukoo wake ni Kong, na jina lake mwenyewe Qiu. Alizaliwa mwaka 551 K.K. katika dola la Lu, karibu na mji wa Qufu ulioko leo katika jimbo la Shandong, mashariki mwa China. Wachina humwita Kongzi au Kong Fuzi, yaani Mwalimu Kong. Mapadri Wajesuiti waliofika China miaka elfu mbili baadaye ndio waliolipachika jina hilo mkia wa Kilatini, likawa Confucius.

Baba yake alikuwa askari, naye alifariki mtoto akiwa mdogo sana. Akalelewa na mama. Ujanani alitunza hesabu za ghala la nafaka na kusimamia mifugo, na hakuona haya kulisema hilo: "Nilipokuwa kijana nilikuwa mnyonge, ndiyo maana nina ujuzi wa kazi nyingi ndogo ndogo" (9:6). Baadaye alipata cheo huko Lu, lakini mnamo 497 K.K. aliondoka, akazunguka na wanafunzi wake dola hadi dola kwa miaka kama 14 akitafuta mtawala wa kumsikiliza. Hakumpata. Alirudi kwao mwaka 484 K.K., akafundisha hadi alipofariki mwaka 479 K.K.

Mlinzi mmoja wa lango aliwahi kumtaja kwa maneno ambayo kwangu ndiyo wasifu wake mzuri kuliko wote: "Ni yule anayejua kuwa haiwezekani na bado anafanya?" (14:38).

Lunyu aliiandika yeye mwenyewe?

Hapana. Waliikusanya wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake baada ya yeye kufariki, na kazi hiyo ilipita mikono mingi. Kina sura 20 na vifungu karibu 500, vingi vya mistari miwili mitatu. Usitafute mtiririko. Hapa mtu anauliza habari za kutawala, pale mwalimu anamlilia mwanafunzi aliyekufa kijana, na sura ya 10 karibu yote inaeleza alivyovaa, alivyokula na jinsi alivyokataa kuketi kwenye mkeka uliotandikwa upande.

Mbona watu wawili wanauliza swali moja na kupewa majibu yanayopingana?

Hili ndilo swali bora kuliko yote, na liliulizwa ndani ya kitabu chenyewe (11:22).

Zilu, mwanafunzi shujaa na mwenye pupa, aliuliza: nikisikia jambo jema, nilitende papo hapo? Akajibiwa: baba yako na kaka zako wapo, utatendaje papo hapo? Baadaye akaja Ran You na swali lilelile. Akajibiwa: ndiyo, litende papo hapo. Mwanafunzi wa tatu, Gongxi Hua, aliyasikia yote mawili akachanganyikiwa, akaomba aelezwe. Mwalimu akasema: Ran You husitasita, ndiyo maana nilimsukuma, Zilu ana nguvu za watu wawili, ndiyo maana nilimshika.

Ukikielewa kifungu hiki utaielewa Lunyu yote. Kauli zake si amri zilizochongwa juu ya jiwe. Ni majibu aliyopewa fulani, siku fulani, kwa sababu ya kilema chake fulani. Anayekutupia kauli ya Confucius ili unyamaze, muulize kwanza: aliambiwa nani? Mara nyingi utakuta aliambiwa mtu wa tabia iliyo kinyume kabisa na yako.

Kwa hiyo si sawa na methali zetu?

Si sawa. Methali haina mwenyewe, na anayeitumia ndiye huipa mahali pake. Kauli ya Lunyu ina mwenyewe na ina mwulizaji, hata pale jina la mwulizaji lilipodondoka njiani. Lakini kuna sehemu zinagusana kiasi cha kushangaza, kama utakavyoona.

Maneno yake makuu yanatafsirikaje kwa Kiswahili?

Nadhani sisi tuna bahati kuliko Wazungu katika hili. Wao wamehangaika karne nne na neno *ren*: wengine wanalifanya wema, wengine huruma, wengine upendo, na kila chaguo linapungukiwa. Kwetu lipo tayari: utu. *Ren* hutamkwa sawasawa na neno la Kichina la mtu, na alama yake imeundwa kwa mtu na namba mbili. Mtu akiwa na mtu. Sisi tumechukua mtu, tukampa kiambishi kingine, tukapata utu. Mantiki ni ile ile.

Utu huo anauonyesha vizuri zaidi katika tukio kuliko katika maelezo. Banda la farasi liliungua alipokuwa kazini. Aliporudi aliuliza, "Kuna aliyeumia?" Hakuuliza habari za farasi (10:17). Kumbuka kwamba farasi walikuwa mali ya thamani, na wahudumu wa banda walikuwa watu wa chini. Sasa fikiria simu inayoingia kukuambia kijana wako wa bodaboda amepata ajali, kisha usikilize swali la kwanza linalotoka mdomoni mwako.

Neno la pili ni *junzi*. Maana yake ya asili ni mwana wa bwana, mtu wa kuzaliwa katika nyumba ya watawala. Confucius alilichukua akaligeuza: *junzi* ni yule mwenye mwenendo, hata kama alizaliwa kwenye kibanda. Sasa tazama neno letu muungwana. Katika miji ya pwani lilikuwa neno la nasaba, mtu huru asiye mtumwa, mwenye kwao na ukoo wake. Kisha lugha yenyewe ikaligeuza, na leo tunasema uungwana ni vitendo. Watu wawili wasiojuana, wamepita njia moja. Ndiyo maana nakereka nikiona *junzi* ikitafsiriwa kuwa "mtu bora" au "mtu wa juu". Ni muungwana, basi. Kinyume chake ni *xiaoren*, neno kwa neno mtu mdogo, na tofauti yao anaitaja hivi: muungwana hudai kutoka kwake mwenyewe, mtu mdogo hudai kutoka kwa wengine (15:21).

La tatu, *li*, ndilo gumu. Linabeba ibada za kafara, taratibu za msiba, namna ya kupokea mgeni, hata namna ya kuinama. Mimi hutumia adabu, na pale inapobidi, mila.

Ni kweli alifundisha "mtendee mwenzio unavyopenda kutendewa"?

Aliisema kwa kukanusha. Mwanafunzi wake Zigong aliomba neno moja tu la kushika maisha yote. Akapewa *shu*, kujitia katika nafasi ya mwenzio, na ufafanuzi wake: usilolitaka wewe, usimfanyie mwingine (15:24).

Wengine husema kukanusha huko ni unyonge, kwamba kujizuia si kutenda wema. Sikubaliani. Anayekutendea anavyopenda yeye anaweza kukuchosha vibaya. Muulize yeyote aliyewahi kufungiwa ndani ya daladala na dereva anayedhani kila abiria anaupenda muziki wake. Kujizuia kunahitaji ujiulize kwanza mwenzio anaonaje.

Na si jepesi. Mahali pengine Zigong alijigamba kwamba asilotaka kufanyiwa, naye hataki kuwafanyia wengine. Mwalimu akamjibu: hujafika huko (5:12).

Mtu amenikosea. Confucius angeniambia nisamehe?

Aliulizwa waziwazi: vipi kulipa ubaya kwa wema? Akarudisha swali: basi wema utaulipa kwa nini? Lipa ubaya kwa unyoofu, na wema ulipe kwa wema (14:34).

Unyoofu hapa si kisasi. Ni kumtendea aliyekukosea kwa haki iliyonyooka, bila kuongeza wala kupunguza. Mwenzako kazini amekuibia wazo akaliita lake: hulazimiki kumletea keki, na huna ruhusa ya kumchongea kwa jambo jingine. Unasema lililotokea, kwa yule anayepaswa kulisikia, basi.

Wapo wanaoona jibu hili ni baridi, hasa waliokulia kwenye mahubiri ya shavu la pili. Mimi naliona linamheshimu mtenda wema. Ukiwapa wote malipo sawa, aliyekufaa siku ya shida umemfanya nini?

Natuma pesa nyumbani kila mwezi. Hiyo si ndiyo kuwaheshimu wazazi?

Katika sura ya 2 watu wanne wanauliza swali moja, kifungu baada ya kifungu, kuhusu *xiao*, yaani wajibu wa mtoto kwa wazazi. Kila mmoja anapata jibu lake. Meng Yizi, mtu wa ukoo mkubwa, anaambiwa asivuke mipaka ya adabu. Mwanawe Meng Wubo anaambiwa habari za wazazi na wasiwasi wa ugonjwa. Wawili waliobaki ndio wanaokuhusu wewe.

Ziyou aliambiwa: siku hizi kumtunza mzazi kunahesabiwa kuwa ni kumlisha, lakini hata mbwa na farasi hulishwa, pasipo heshima tofauti iko wapi? (2:7). Maneno makali, na yana miaka elfu mbili na mia tano. Yasome tena ukifikiria mama ambaye habari za mwanawe huzipata kwa ujumbe wa muamala tu: umepokea kiasi fulani kutoka kwa fulani, salio lako ni hili.

Zixia naye akaambiwa maneno mawili ya Kichina ambayo wafasiri wameyahangaikia sana, *se nan*: uso ndio mgumu (2:8). Kisha mwalimu akaendelea: pakiwa na kazi, vijana wakaishika, pakiwa na chakula na kinywaji, wazee wakatangulizwa, hilo ndilo unaliita *xiao*? Anachosema ni kwamba mwili unaweza kufanya kila linalotakiwa, uso ukakataa. Unamnunulia baba dawa, lakini unapompa umenuna. Unampeleka hospitali huku ukitazama saa. Anaona. Wazee huona nyuso kuliko tunavyodhani.

Kuna kauli nyingine mbili fupi. Umri wa wazazi haifai usijulikane: kwa upande mmoja unaleta furaha, kwa upande mwingine unaleta hofu (4:21). Na hii, ambayo walioko Muscat, Doha au Minneapolis huniandikia wakiwa na uchungu: wazazi wakiwa hai, usisafiri mbali (4:19). Husimamia hapo, wakajiona wamehukumiwa. Lakini sentensi haijaisha. Inaendelea: na ukisafiri, pawe na mahali panapojulikana. Mzazi ajue uko wapi, unafanya nini, anakupataje. Enzi zile msafiri aliweza kupotea asisikike miaka kumi, ndiyo maana hofu ilikuwa kubwa. Leo kupotea hewani na simu mfukoni ni uamuzi.

Je, heshima hiyo inamaanisha kutii hata wazazi wakikosea?

Hapana, ingawa karne nyingi za watawala na wazee wenye makelele zimewafanya watu waamini hivyo. Kauli yenyewe inaruhusu mtoto kuwakanya wazazi kwa upole. Akiona hawamfuati, azidi kuwa na heshima, achoke bila kulalamika (4:18). Sehemu ya mwisho haipendwi na vijana na sehemu ya kwanza haipendwi na wazee, kwa hiyo kila upande hunukuu nusu yake.

Lipo lakini suala la kondoo. Mtawala mmoja wa eneo la She alijivunia kwamba kwao kuna mtu mnyoofu kiasi kwamba baba yake alipoiba kondoo, mwana akashuhudia dhidi yake. Confucius akasema: kwetu wanyoofu ni tofauti, baba humsitiri mwana na mwana humsitiri baba, na unyoofu umo humo (13:18).

Nimekisoma kifungu hiki mara nyingi na bado kinanikaa kooni. Naelewa anachokilinda: pakiwa hapana mlango hata mmoja ambao serikali haiwezi kupita, hakuna nyumba tena. Lakini kondoo alikuwa wa mtu, na mtu huyo hana sauti kwenye kisa. Kwa nchi ambazo fedha za umma hupotelea kwenye koo za wakubwa, ningekitumia kifungu hiki kwa kibano. Kondoo mmoja wa jirani na bajeti ya wilaya si kitu kimoja.

Kwa nini aling'ang'ania sana taratibu?

Kwa sababu aliamini kwamba tabia hujengwa na mwili kabla ya moyo. Mtoto hafundishwi heshima kwa hotuba. Anafundishwa kupokea kwa mkono wa kulia, kumwamkia mkubwa shikamoo, kumpisha mzee kiti. Maana huja baadaye. Anayesema hizo ni kero ameshasahau alivyolelewa. Heshima si utumwa.

Lakini hakuwa mtumwa wa desturi. Kofia ya ibada ilipaswa kuwa ya kitani. Watu wakahamia hariri kwa sababu ilikuwa nafuu. Akasema: ni kubana matumizi, nafuata wengi. Desturi nyingine ilidai mtu ainame akiwa chini kabla ya kupanda ngazi. Watu wakaanza kuinama wakishafika juu. Akasema: hicho ni kiburi, hata kama napingana na wengi nitainama chini (9:3). Kipimo chake kiko wazi. Kinachobadilika kwa sababu ya mfuko, kibadilike. Kinachobadilika kwa sababu ya majivuno, hapana.

Na kauli ambayo ningeibandika mlangoni mwa kila kikao cha harusi: katika sherehe, kuliko ufahari, afadhali kiasi, katika msiba, kuliko utaratibu kamili, afadhali huzuni (3:4). Tumefika mahali ambapo kadi ya mchango huingia kwa vitisho, na msibani watu wanajadili sare. Aliyeuliza swali hilo, Lin Fang, alikuwa ameuliza mzizi wa adabu ni nini, na mwalimu alilisifu kwamba ni swali kubwa.

Bosi wangu anakosea waziwazi. Nifanyeje?

Zilu aliuliza namna ya kumtumikia mtawala. Jibu: usimdanganye, lakini mpinge usoni (14:22). Angalia mpangilio. Kutodanganya ndiko kunakokupa haki ya kupinga.

Kwa wenzako wa mezani, kuna hili: muungwana hupatana bila kufanana, mtu mdogo hufanana bila kupatana (13:23). Kikao ambacho wote wanaitika "sawa kabisa mkuu", kisha wanatawanyika kwenye korido kusengenya, ni picha kamili ya nusu ya pili.

Nitamjuaje mtu mwenye maneno matamu tu?

Mwanafunzi wake Zai Yu, msemaji hodari kuliko wengi, alikutwa amelala mchana. Mwalimu alikasirika mpaka akasema mti uliooza hauchongeki. Kisha akaongeza: zamani nilisikia maneno ya mtu nikaamini matendo yake; sasa nasikia maneno yake, halafu natazama matendo yake. Zai Yu ndiye aliyenibadilisha (5:10).

Hasira ile kwa usingizi wa mchana inanifanya nimwonee huruma Zai Yu, kusema kweli. Lakini fundisho limesimama. Sisi husema maneno matamu humtoa nyoka pangoni; yeye angeongeza, basi mtazame nyoka akishatoka.

Watu wote wananipenda. Hiyo si dalili njema?

Hapana. Wote wakimchukia mtu, chunguza. Wote wakimpenda, chunguza (15:28). Afadhali apendwe na watu wema wa mtaani na achukiwe na wabaya (13:24).

Kukiri kwamba sijui si kujishushia hadhi?

Alimwambia Zilu, ambaye bila shaka alikuwa na jibu la kila kitu: unalolijua, sema unalijua, usilolijua, sema hulijui, huko ndiko kujua (2:17). Sina la kuongeza.

Nimetimiza miaka 40 na bado nina mashaka. Nimechelewa?

Unazungumzia 2:4: nikiwa na 15 niliuelekeza moyo kwenye elimu, 30 nikasimama, 40 sikuwa na mashaka, 50 nikajua agizo la Mbingu, 60 sikio langu likatulia, 70 nikafuata moyo unavyotaka bila kuvuka mpaka. Watu huisoma kama ratiba ya mitihani. Ni mzee anayesimulia maisha yake mwenyewe, na alipofika 40 wala cheo cha maana hakuwa nacho. Muhimu zaidi ni ule mwisho: alihitaji miaka 55 ya kujifunza ndipo anachokitaka na kinachofaa vikawa kitu kimoja. Huko si kuchelewa.

Alisema nini kuhusu wanawake?

Machache, na moja ni baya: kwamba wanawake na watu wadogo ni wagumu kukaa nao, ukiwakaribia wanakosa adabu, ukiwaweka mbali wanalalamika (17:25). Wapo wanaojitahidi kulipunguza makali, wakisema alimaanisha watumishi wa majumba ya watawala. Huenda. Lakini mafundisho yaliyojengwa juu ya jina lake yaliwabana wanawake wa China kwa karne nyingi, na msomaji mwaminifu hakwepi hilo. Ajabu ni kwamba huyu ndiye aliyelelewa na mama peke yake.

Hii ni dini? Mwislamu au Mkristo anaweza kuifuata?

Aliulizwa namna ya kuwahudumia mizimu, akasema: hujaweza kuwahudumia walio hai, utawahudumiaje mizimu? Akaulizwa kuhusu kifo: hujayajua maisha, utakijuaje kifo? (11:12). Anataja Mbingu kwa unyenyekevu, lakini hatoi habari za akhera wala sheria ya ibada kwa wasio Wachina.

Kwa hiyo wengi wameyachukua mafundisho ya mwenendo bila kuacha imani yao. Waislamu wa China walifanya hivyo kwa kina: mwanazuoni Liu Zhi wa Nanjing, kati ya karne ya 17 na ya 18, alieleza Uislamu kwa Kichina akitumia msamiati wa Confucius, akiamini hekima hizo hazigombani. Mjesuiti Matteo Ricci, aliyefariki Beijing mwaka 1610, alijaribu jambo kama hilo kwa Ukristo. Kinacholeta mgogoro ni ibada za mababu, si kauli za adabu. Hapo kila mtu aulize wanazuoni wake.

Nukuu ninazoziona mtandaoni ni zake kweli?

Nyingi si zake. "Chagua kazi uipendayo na hutafanya kazi hata siku moja" haimo katika Lunyu. Ya kuchimba makaburi mawili kabla ya kulipa kisasi, haimo. Ile ya safari ya maili elfu inayoanza na hatua moja ni ya kweli na ya kale, lakini ni ya Daodejing, kitabu kinachonasibishwa na Laozi, ambacho kwa mambo mengi kinampinga. Kipimo rahisi: nukuu ikikuahidi mafanikio bila jasho, si yake.

China yenyewe si ilimkataa?

Mara kadhaa. Mwaka 213 K.K. dola la Qin liliamuru vitabu vya mkondo wake vichomwe. Watawala wa nasaba ya Han waliofuata wakaviinua, na kwa karne nyingi mitihani ya kuingia utumishi wa serikali ilitoka humo, mpaka ilipofutwa 1905. Vijana wa China walioandamana mwaka 1919 walimwona ndiye mzigo unaoizuia nchi kusonga mbele. Mwaka 1966 Walinzi Wekundu, vijana wafuasi wa Mao, walivunja makaburi na sanamu kule Qufu, na miaka ya 1973 na 1974 ikaja kampeni nzima ya kumlaani. Kisha serikali ile ile ikalitumia jina lake kwa vituo vya lugha ulimwenguni. Cha kwanza barani Afrika kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005. Humo watu hujifunza Kichina zaidi kuliko Lunyu, kwa hiyo usiende ukitarajia falsafa.

Nianze wapi kusoma?

Usianze mwanzo ukaenda mwisho kama riwaya. Utachoka sura ya 3. Soma sura ya 2 na ya 4, kisha ruka hadi ya 11 uwajue wanafunzi. Ukishamjua Zilu mwenye pupa, Zigong tajiri mwenye ulimi, na Yan Hui aliyeridhika na kikapu kimoja cha wali na kibuyu cha maji kwenye uchochoro (6:11), kauli zinapata sura za watu. Kifungu kimoja kwa siku kinatosha.

Je, kuna mafundisho ya siri aliyowapa wachache?

Mtu mmoja aitwaye Chen Kang alishuku hivyo. Akamvizia Boyu, mtoto wa Confucius, akamuuliza: baba yako amekufundisha lolote la pekee?

Boyu akajibu hapana. Siku moja baba alikuwa amesimama peke yake, nami napita uani haraka. Akaniuliza kama nimesoma Mashairi, kile kitabu cha mashairi ya kale. Nikasema bado. Akasema, usipoyasoma hutakuwa na la kusema. Nikaenda nikayasoma. Siku nyingine tena amesimama peke yake, napita uani. Akaniuliza kama nimejifunza adabu. Nikasema bado. Akasema, usipojifunza hutakuwa na pa kusimama. Nikaenda nikajifunza. Ni hayo mawili tu niliyosikia (16:13).

Chen Kang akaondoka akiwa amefurahi. Nimeuliza moja, alisema, nimepata matatu: habari za Mashairi, habari za adabu, na kwamba muungwana hampendelei mwanawe.